Ukurasa Ulioondoka na Mandazi

Niliondoka Rongo asubuhi moja kabla ya chai ya saa nne, na sikuwa na mpango wowote. Kwa miezi minane nilikuwa nimeosha vikombe katika mkahawa wa Mama Halima, mfanyabiashara aliyetoka Garissa, na asubuhi hiyo nilikausha kikombe cha mwisho, nikakipindua juu ya sinia, nikamwambia, "Mama, nimeenda." Hakuniuliza naenda wapi. Aliniuliza, "Umekunywa chai?" Nikasema bado. "Basi kunywa kwanza, halafu uende huko kwako kusiko na jina." Nilikunywa nikiwa nimesimama. Kisha nikashuka barabara kuu upande wa Migori nikiwa na leso mbili, ndala moja ya akiba ambayo mwenzake ilikuwa imepotea, na kurasa kumi na moja za fizikia nilizozikunja ndani ya mfuko wa nailoni.

Kurasa hizo zilikuwa za kufungia mandazi. Mama Halima alinunua vitabu vikuukuu kwa kilo na kuvichana jikoni, na mteja aliondoka na mandazi mawili pamoja na kipande cha elimu kilicholowa mafuta. Niliacha shule kidato cha pili. Sielezi kwa nini, kwa sababu kila nikieleza watu hunihurumia, na huruma yao haijawahi kunisaidia kufua hata soksi. Ninachoweza kusema ni kwamba siku nilipoona karatasi imeandikwa kwamba gari linaanza kutoka hali ya kusimama, linaongeza kasi kwa sekunde nane, tafuta umbali, niliificha chini ya beseni. Kesho yake nikaficha nyingine. Zilikuwa kurasa za mwendo, nguvu na kazi, maswali matupu bila majibu, maana majibu huwekwa mwisho wa kitabu na mwisho wa kitabu ulikuwa umeshaliwa. Nilizitatua kwa mkaa nyuma ya mlango wa stoo. Yalikuwa maswali ya ajabu. Mtu anasukuma sanduku mita kumi sakafuni halafu swali linaisha, wala huambiwi sanduku lina nini au nani alimtuma. Mpira unarushwa juu na hakuna anayecheza. Nilipenda dunia hiyo isiyo na majirani. Ndani yake mtu akikosea, kosa lake lilionekana, na hakuna aliyemtukana mama yake.

Ninaandika haya kwa sababu Bhoke amefariki. Mwezi uliopita binti yake Robi alinipigia simu, sauti nisiyoijua, akauliza, "Wewe ndiye yule wa makaratasi?" Nina umri wa kuitwa nyanya sasa, nimeishi katika miji ambayo sikumbuki nusu yake, nimeuza nyanya, nimepaka rangi, nimechunga jenereta, na bado kuna nyumba moja huko Kuria ambamo jina langu ni hilo. Nikamwambia ndiyo, ni mimi. Akaniambia mama yake aliondoka kwa utulivu, na kwamba mpaka mwisho, mtu akijisifu mbele yake kwamba amepata njia rahisi ya kufanya jambo lolote, alikuwa akimwuliza, "Na kamba yako ina urefu gani?" Robi hakuelewa maana yake. Mimi nilielewa, nikakaa kwenye kiti cha plastiki, simu ikiwa sikioni, nikashindwa kumweleza kwa sababu maelezo yake ni msimu mzima.

Nilifika Osiri kwa sababu lori lililonipa lifti lilikuwa likienda huko. Wakati huo mashimo ya dhahabu yalikuwa yametapakaa kama mapango ya panya wakubwa, kila shimo na mwenyewe, kila mwenyewe na sheria zake. Sheria moja ilikuwa ya wote: mwanamke hakaribii mdomo wa shimo. Dhahabu, walisema, ikisikia nyayo za mwanamke inazama. Sasa sikiliza jinsi watu wanavyojua kupanga mambo. Katika shimo la Mzee Ogutu mawe yalivutwa kwa kamba iliyopita juu ya kapi, gurudumu dogo lililofungwa kwenye magogo juu ya shimo. Ncha nyingine ya kamba ilitokezwa mbali, nje ya eneo lililokatazwa, na huko ndiko tulikokuwa wanawake sita. Tuliitia kamba mabegani, tukaupa mdomo wa shimo mgongo, tukatembea. Tukitembea hatua thelathini mpaka kwenye kisiki fulani, ndoo ilitokeza juu nyuma yetu. Hatukuruhusiwa kugeuka. Wanaume walimwaga mawe, wakapiga mluzi, nasi tukarudi kinyumenyume ndoo ikishuka. Nilitembea hivyo tangu mvua za masika mpaka mahindi yakakauka na sikuwahi kuliona shimo lenyewe. Dhahabu iliogopa miguu yetu lakini haikuogopa mabega yetu.

Bhoke ndiye aliyenipa mahali pa kulala. Alikuwa Mkuria, amenizidi kama miaka kumi na mitano, mrefu, mwenye meno yaliyoachana, na kwa kuwa hakujua Kijaluo wala mimi Kikuria, tuliishi kwa Kiswahili, chake kikiwa kizuri kuliko changu. Chumba kilikuwa cha mabati, upana wake ukitosha kitanda na jiko, na ukuta wa upande mmoja ulikuwa pia ukuta wa mume na mke waliokuwa wakigombana kuhusu redio. Tulikula ugali wa mtama na muhogo, mweusi, unaonata, na omena, dagaa wa ziwani, aliowakaanga mpaka wakawa kama misumari. "Tafuna," alikuwa akisema, "hao ndio nyama yako mpaka uolewe." Nikimwambia siolewi, alijibu, "Basi tafuna zaidi." Kila jioni kabla giza halijaingia nilikaa mlangoni na kurasa zangu. Nilimsomea maswali nikiyageuza kwa Kiswahili, naye aliyahoji kuliko mwalimu yeyote. Gari linaongeza kasi sekunde nane. "Kwa nini? Linamkimbia nani?" Mtu amebeba tofali juu ya ngazi. "Ngazi ya nani? Amepatwa na nini mpaka abebe moja moja?" Nilicheka, lakini nililazimika kujibu, na kwa kujibu nilijifunza.

Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa wa kapi. Ulikuwa na mchoro: kapi moja juu, imefungwa, na ya pili chini, imeshikana na mzigo, ikipanda nao. Chini ya mchoro maneno yalisema kwamba mzigo unashikwa na sehemu mbili za kamba, kwa hiyo nguvu inayohitajika ni nusu ya uzito. Sentensi iliyofuata ilianza kwa neno moja, "Lakini", na ukurasa ukaisha. Ukurasa wa kumi na mbili ulikuwa umeondoka na mandazi ya mtu, siku ambayo sikuwa jikoni.

Ningekuwa na akili ya uzee ningelitazama hilo "Lakini" mwezi mzima kabla ya kufungua mdomo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Saa ya uji, Mzee Ogutu akiwa karibu anapuliza kikombe chake, niliwaambia wanawake kwa sauti ya mtu aliyegundua bara jipya: tukiongeza kapi moja kwenye ndoo, tutavuta nusu ya uzito. Nilichora mchangani. Achieng, mwenzetu mwenye ulimi, akasema, "Wololo! Kumbe tumekuwa tukibeba na nusu ya shetani bure." Wote wakacheka. Nilikuwa na maana ya mabega yetu. Nilidhani tutabaki sita na kila mmoja atapata ahueni. Mzee Ogutu alisogea, akautazama mchoro wangu muda mrefu, akaniuliza taratibu, akiniita binti wa Rongo kwa Kijaluo, "Nyar Rongo, nusu ya uzito, hiyo inataka watu wangapi?" Na mimi, kwa furaha ya kuulizwa swali na mwenye shimo, nikajibu haraka kama niko mbele ya ubao: "Watatu, mzee."

Baada ya siku nne kapi mpya ikaja, na kamba mpya ndefu. Mzee Ogutu akasimama mbele yetu na kunyoosha kidole: Achieng, dada yake, na mimi tubaki. Wengine watatu, wale wakubwa, waende nyumbani. Bhoke alikuwa mmoja wao. "Si mimi nimesema," akawaambia, mikono juu. "Ni sayansi. Ulizeni huyu wenu." Bhoke hakuniuliza. Aliikunja ngata yake ya begani, kipande cha gunia alichokishona kwa uzi wa buluu, akaiweka kwapani, akaondoka bila kuangalia nyuma, kama vile tulivyofundishwa.

Siku hiyo ya kwanza nilisubiri kuuona urahisi. Kamba ilipoanza kukaza nilihisi uzito uleule wa siku zote begani. Hilo lilikuwa sawa, nikajiambia, tumepungua nusu na uzito umepungua nusu. Tukafika kwenye kisiki. Hakuna mluzi. "Endeleeni!" walipiga kelele kutoka nyuma. Tukapita kisiki, tukaingia kwenye tope la mashimo ya kuoshea mawe, mahali tusipopajua, miguu ikizama mpaka kwenye vifundo, tukaenda mpaka karibu na ua wa mkonge wa shimo la jirani, na hapo ndipo mluzi ulipolia. Nilihesabu. Hatua sitini. Kisha kurudi sitini. Kufikia adhuhuri mapaja yangu yalikuwa yakitetemeka peke yake, na lundo la mawe lilikuwa nusu ya lundo la jana. Mzee Ogutu aliliona. Alisema tumekuwa wavivu kwa sababu ya kupunguziwa uzito, na akataka tutembee kwa kasi mara mbili. "Hii shimo si ya kutembea kama bibi harusi," alisema.

Nyumbani Bhoke alikuwa amepika kama kawaida. Hilo ndilo lililoniumiza. Alinipakulia, akaitazama miguu yangu yenye tope, akasema, "Mlitoka kwenye njia." Nikamweleza hatua sitini. Kupitia ukutani nilimsikia mke wa jirani akimwambia mumewe, redio ikiwa imezimwa kwa mara ya kwanza, "Huyo msichana wa makaratasi ndiye amewatoa wenzake. Analishwa na mtu aliyefukuzwa kwa ajili yake, na anameza." Bhoke alisikia pia. Alichukua omena mmoja, akamtafuna polepole, akasema, si kwa ukali, "Wewe umepata nusu. Nusu ile nyingine ilikwenda wapi? Kitu hakipungui bure, mdogo wangu. Hata uji ukipungua sufuriani, kuna mtu ana tumbo."

Sikula. Nilichukua vibiringo viwili vya uzi vilivyokwisha, nikapitisha misumari katikati, kimoja nikakining'iniza juu ya fremu ya mlango, cha pili nikakifunga kwenye kikombe cha bati chenye kokoto, nikazungusha uzi kama mchoro ulivyosema. Bhoke alishika koroboi ingawa bado palikuwa na mwanga. Nikavuta. Kikombe kilipanda shubiri moja, na mkononi mwangu mlikuwa na shubiri mbili za uzi. Nikarudia. Shubiri mbili kikombe, nne uzi. Kazi ni nguvu mara umbali. Hilo lilikuwa kwenye ukurasa wa saba, nilikuwa nimelitatua kwa mkaa mara ishirini, masanduku na matofali, na sikuwa nimelielewa hata siku moja. Nguvu nusu, umbali mara mbili, kazi ni ileile. Kapi haikuwa imepunguza chochote ndani ya lile shimo. Ilikuwa imekichukua kilichokuwa cha wanawake sita na kuwapa watatu waende nacho mbali zaidi. Hilo ndilo "Lakini" lililoliwa Rongo. Niliandika kwa mkaa kwenye bati, juu ya kitanda. Bhoke hakujua kusoma hesabu zile, ila aliupima uzi tena kwa shubiri zake mwenyewe, ambazo zilikuwa ndefu kuliko zangu, na jibu likawa lilelile. "Sasa," akasema, "umeniambia mimi. Mimi siyo mwenye shimo."

Nimesikia watu wengi wenye vyeti wakisema kwamba elimu ndogo ni hatari. Wanalisema wakinitazama. Nakubali ilikuwa hatari, na watatu waliilipia. Lakini sikubali dawa yao, kwamba ningenyamaza na kuacha kusoma makaratasi ya mandazi. Dawa ilikuwa kuendelea kusoma mpaka mwisho, hata kama mwisho huo ungenibidi niutengeneze mwenyewe kwa vibiringo. Aliyenipunguzia aibu siku ile hakuwa mwalimu. Alikuwa mwanamke niliyemnyang'anya riziki, ameshika koroboi.

Niliwaeleza Achieng na dada yake njiani asubuhi. Achieng alinitukana kwanza, kwa Kijaluo, kwa ukamilifu, kisha akauliza tunafanya nini. Tulingoja saa ya uji ili Chacha, mchimbaji mkuu, na mwenzake wapande kwa ngazi na shimo libaki tupu. Sikutaka mtu chini. Chacha alikuwa Mkuria wa kijiji kimoja na Bhoke, mtu wa maneno machache, na alikuwa ameacha ndoo imejaa. Mluzi ulipolia tukaitia kamba mabegani. Tukatembea hatua thelathini. Tukafika kwenye kisiki, tukazungusha kamba kwenye kisiki mara tatu, tukafunga fundo, tukaketi chini.

"Endeleeni!" walipiga kelele tena. "Nyinyi! Ndoo iko katikati!" Achieng akapaza sauti bila kugeuka, "Hata sisi tuko katikati!" Mzee Ogutu akaja mbio, kikombe bado mkononi, uji ukimwagika kwenye shati. Nikasimama. Nikamwambia: "Mzee, nilikosea. Nilisema nusu ya nguvu, sikusema umbali mara mbili, kwa sababu sikujua. Sasa najua. Watu sita hatua thelathini, au watu watatu hatua sitini, ni kazi ileile, lakini kwa watatu kila mmoja anafanya kazi mara mbili. Umetoa nusu ya watu, hii ni nusu ya njia."

"Kosa ni yako na hasara ni yangu?" aliuliza. "Hii kamba nimenunua kwa maneno yako."

"Ndiyo, mzee. Maneno yangu. Ndiyo maana nayarudisha."

"Nitaleta wengine. Wanawake wamejaa hapa."

"Walete. Hatua zitakuwa sitini."

Alitaka kunipiga, nadhani. Chacha ndiye aliyekuja na kusimama kati yetu, anafuta vumbi usoni. Alitazama kamba iliyokaza kwenye kisiki, kisha akaanza kutembea kando yake, akihesabu kwa sauti kutoka kisiki hadi ua wa mkonge, polepole, kama mtu anayepima shamba la urithi. Aliporudi akasema, "Mzee, jana nilichimba mawe ya siku nzima na yaliyotoka ni ya nusu siku. Mengine yako chini nimeyalalia. Nilidhani hawa wamelegea." Akakohoa. "Mawe yangu yananing'inia. Warudishe wale akina mama." Wachimbaji wengine walianza kuguna. Mzee Ogutu alimwaga uji uliobaki, akautazama unavyoingia mchangani.

Alipozungumza hakumtazama Chacha. "Wale watatu warudi kesho. Kapi ya pili itolewe." Kisha kwangu: "Lakini wewe, Nyar Rongo, usionekane kwa shimo yangu. Mtu wa kunifundisha mbele ya watu wangu, huyo hapana." Achieng akafungua mdomo, na nikamwona akiufunga. Simlaumu. Alikuwa na kamba ya kushika kesho. Nikamwuliza mzee mara moja tu, ili wote wasikie: "Mimi nikienda, Bhoke anarudi?" Akasema, "Nimesema." Nikafungua fundo pamoja na wale dada wawili, tukaishusha ndoo taratibu mpaka kamba ikalegea, nikaondoka. Safari hii niligeuka. Niliutazama mdomo wa shimo kwa macho yangu yote mawili, magogo manne na giza katikati, na hakuna kilichozama.

Bhoke hakulia wala hakunizuia. Alinifungia ugali kwenye jani la mgomba, akaniambia, "Usimwombe mtu msamaha njiani kwa hili." Ijumaa asubuhi nilipanda lori la mchanga mpaka Karungu, kisha nikatembea, kisha mwenye punda akanibebea mzigo, nikazidi kufuata ziwa kuelekea upande wa Homa Bay kwa kuwa ziwa lilikuwa upande ambao Mzee Ogutu hakuwa. Jua lilikuwa limeinama nilipofika Kisegi. Mama mmoja alikuwa akikusanya omena kutoka kwenye nyavu za kuanikia, kwa haraka isiyo ya kawaida, na binti zake walifagia uwanja kana kwamba wanategemea mgeni wa serikali. Nikaulizia chumba.

"Kiko," alisema bila kusimama. "Kinanuka samaki. Hapa tunashika Sabato. Jua likishazama siongei habari za nyumba mpaka kesho jioni, kwa hiyo ongea mbio. Umetoka wapi?"

"Osiri, mama."

"Umetoka, ama umefukuzwa?"

"Nimefukuzwa."

Hapo alisimama. Aliweka beseni kiunoni, akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. "Uliiba?"

"Sikuiba. Nilikosea kitu, watu wakaumia. Halafu nikajua kosa liko wapi, nikalisema mbele ya mwenye shimo."

"Na hilo ndilo walilokufukuzia? La kukosea, ama la kusema?"

"La kusema."

Alitazama ziwani, ambako jua lilikuwa limebakiza upana wa kidole. "Yawa," alisema. "Leta huo mzigo ndani, haraka. Sabato inaingia."